Gari Lirudipo Karakana, Gharama Ni ya Nani?

Wapo wananchi wengi katika jiji la Arusha na katika vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru wanaoifahamu vema hali hii. Mtu hupeleka gari lake lililoharibika kwa wakala wa kampuni iliyomwuzia, au katika karakana kubwa yenye bango, sare na mashine za kisasa. Hulipa fedha alizotajiwa. Hukabidhiwa funguo na kuambiwa kuwa kazi imekwisha. Haipiti wiki mbili gari linasimama njiani kwa hitilafu ile ile. Akilirudisha, hupokelewa kama mgeni, hufunguliwa karatasi mpya, na hudaiwa fedha mpya.

Tumeamua kulizungumza jambo hili leo kwa sababu tunaamini kwamba si bahati mbaya ya mtu mmoja mmoja. Ni utaratibu mbovu, na utaratibu mbovu hurekebishwa kwa utaratibu ulio bora. Aidha, haifai kulidharau kwa kudhani kuwa ni shida ya matajiri. Gari katika mkoa huu ni jembe la kazi. Nyanya za Ngarenanyuki, viazi vya Oldonyosambu, ndizi na kahawa ya Wameru, vyote husafiri kwa gari mpaka vimfikie mnunuzi. Mgonjwa wa kijijini hupelekwa Hospitali ya Nkoaranga kwa gari la jirani. Maelfu ya vijana wetu hula kwa kuendesha magari ya watalii waendao Manyara, Ngorongoro na Serengeti. Pick-up ikilala njiani na shehena ya nyanya, hasara haimwangukii mwenye gari peke yake, bali na mkulima ambaye mazao yake hayana subira.

Zaidi ya hasara ya fedha kuna roho za watu. Tarehe 24 Februari 2024, katika barabara ya Arusha hadi Namanga, eneo la Ngaramtoni, lori liliyagonga magari mengine na watu 25 wakapoteza maisha. Taarifa zilizotolewa baada ya ajali zilitaja hitilafu ya breki. Hatusemi kwamba lori lile lilikuwa limetoka karakana. Tunasema kwamba mkoa uliozika watu 25 kwa mara moja haupaswi kulichukulia kuwa ni jambo dogo neno la fundi asemaye, "Limepona, nenda nalo," ikiwa hajui kwa hakika kuwa limepona.

Hebu tuangalie kwa nini ugonjwa hurudi. Tuchukue mfano wa gari linalochemsha kila linapopanda kutoka Usa River kwenda Ngarenanyuki likiwa na mzigo wa mbolea. Karakana inalifungua, inakuta gasketi ya silinda hedi imeungua, inaibadilisha, na kumtoza mwenye gari. Kazi hiyo ni ya kweli, lakini haijajibu swali. Gasketi haiungui yenyewe bila sababu. Yawezekana rejeta imeziba kwa kutu na matope. Yawezekana themostati imekwama, au pampu ya maji imechoka, au feni haizunguki ipasavyo. Yawezekana pia kwamba silinda hedi yenyewe imekwisha kupinda kwa joto, na isiponyooshwa hakuna gasketi itakayodumu juu yake. Anayebadilisha gasketi bila kutafuta kilichoiunguza ameondoa dalili na kuuacha ugonjwa.

Kisha huja kosa la pili, nalo ni la kulijaribu gari. Fundi huliwasha uani, hulizungusha kidogo kwenye lami ya tambarare, haoni mvuke, naye huridhika. Lakini gari lile halikulalamikiwa kuwa linachemsha kwenye tambarare. Lililalamikiwa kwamba huchemsha mlimani, lenye mzigo, wakati wa jua. Hitilafu inayojitokeza katika mazingira fulani haiwezi kuthibitishwa kuwa imekwisha mpaka gari lirudishwe katika mazingira hayo hayo. Na milima kwetu haikosekani.

Wengine watasema kwamba siku hizi kuna kompyuta ya kupima magari, na kompyuta haidanganyi. Ni kweli kwamba kifaa hicho ni msaada mkubwa. Lakini kompyuta humwambia fundi ni sehemu gani ya mfumo inayolalamika. Haimwambii daima ni kitu gani kilichokufa. Waya uliokatika au plagi iliyoingia maji yaweza kumfanya mtu atupe kipuri kizima na kununua kingine cha bei kubwa, na taa ya injini ikawaka tena keshoye. Chombo kinataka mtu wa kukifikiria. Azimio la Arusha, lililotangazwa mwaka 1967 na kuubeba mji huu jina lake, liliziweka juhudi na maarifa pamoja, wala halikuvitenganisha. Fundi aliyekesha usiku kucha akibadilisha vipuri kwa kubahatisha ana juhudi, lakini bado ana deni la maarifa.

Hatusemi haya kwa kuwadharau mafundi wetu. Mkoa huu haukosi ujuzi. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa mwaka 1977 na kukaa hivyo mpaka mwaka 1983, njia ya halali ya vipuri kutoka Nairobi ilikatika, na mafundi wa Arusha walilazimika kuchonga, kuunga na kufufua kile ambacho wengine wangekitupa. Chuo cha Ufundi Arusha kilianzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano na Ujerumani ya Magharibi ya wakati ule, na mpaka leo kinafundisha uhandisi wa magari. Zipo karakana hapa mjini zinazorefusha magari ya watalii na kuyatengenezea mapaa ya kufunguka, kazi isiyoweza kufanywa na mtu asiyejua chuma. Oktoba 2024 mamia ya magari ya Land Rover yalikusanyika Arusha kwa tamasha, na miongoni mwake yalikuwamo makongwe ambayo yasingekuwa hai bila mikono ya mafundi. Basi ujuzi upo. Kinachopungua ni wajibu: nani anaibeba kazi iliyoharibika?

Haki inatutaka pia tuwasikilize wenye karakana. Wapo wateja wanaoleta vipuri vya bandia walivyovinunua wenyewe kwa kutafuta bei ndogo, kisha wakamlaumu fundi vinapovunjika. Wapo wanaoambiwa kwamba rejeta nayo ibadilishwe, wakakataa, kisha wakarudi na hasira. Wapo wanaolipakia gari la tani moja tani mbili. Sehemu kubwa ya magari yetu yamekwisha kutumika Japani kabla ya kufika hapa, na gari la umri mkubwa laweza kuharibika mahali pengine bila kosa la aliyelitengeneza jana. Hoja hizi ni za kweli. Lakini zote zina dawa moja, nayo ni maandishi. Mteja aliyekataa ushauri na aandikiwe kwamba alikataa. Kipuri alichokileta mwenyewe kiandikwe kuwa ni chake. Karakana iliyofanya hivyo haina cha kuogopa.

Msimamo wetu ni huu. Gari likirudi kwa hitilafu ile ile iliyolipiwa, katika muda unaokubalika, gharama ya kulitengeneza upya iwe ya karakana, mpaka karakana ionyeshe kwamba hitilafu ya sasa ni nyingine au imetokana na kosa la mteja. Mzigo wa kuthibitisha usiwe wa mwananchi. Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Fundi ndiye aliyeifungua injini na kuiona ndani. Yeye ndiye mwenye vyombo na mwenye elimu. Mwenye gari aliiona karatasi ya malipo tu. Kumtaka athibitishe kilichomo ndani ya injini ambayo hakuruhusiwa hata kuisogelea ni kumnyima haki huku tukijidai tunampa.

Watakuwapo watakaosema kwamba karakana zikibebeshwa mzigo huo zitapandisha bei. Huenda baadhi zikapandisha. Lakini bei ya leo inayoonekana ndogo hulipwa mara mbili na mara tatu, na juu yake huongezwa gharama ya kuvutwa, siku za kazi zilizopotea na mazao yaliyooza. Karakana inayojua kwamba itarudia kazi kwa fedha yake yenyewe itaona faida ya kutafuta chanzo cha ugonjwa tangu siku ya kwanza.

Jambo hili si ndoto, kwani wengine wamekwisha kulifanya. Sheria ya Afrika ya Kusini ya kuwalinda walaji, ya mwaka 2008, inaipa kazi ya ukarabati na vipuri vipya vilivyofungwa dhamana ya miezi mitatu. Kenya, jirani yetu wa pale Namanga, katika sheria yake ya walaji ya mwaka 2012, iliweka sehemu mahususi juu ya utengenezaji wa magari, ikagusa makadirio ya gharama, vipuri vilivyotolewa, ankara na dhamana ya kazi. Huko Marekani jimbo la Connecticut lilipitisha mwaka 1982 sheria inayomlinda mnunuzi wa gari jipya ambalo limeshindikana kutengenezeka baada ya kujaribiwa mara kadhaa. Hapa kwetu ipo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani na kuweka masharti yanayohesabiwa kuwamo katika mkataba wa mlaji hata kama hayakuandikwa. Ni msingi mzuri, lakini ni wa jumla. Tungependa juu ya msingi huo zitungwe kanuni zinazoitaja karakana kwa jina lake.

Wakati kanuni hizo zikisubiriwa, yapo mambo ambayo hayahitaji Bunge. Mwenye gari aandike malalamiko yake kwa ukamilifu: gari hufanya nini, wapi, likiwa na mzigo au halina, likiwa baridi au limepata moto. Adai makadirio kabla ya kazi kuanza. Adai kuandikiwa chanzo cha hitilafu kilichogunduliwa, pamoja na orodha ya vipuri vilivyobadilishwa. Adai kukabidhiwa vipuri vya zamani, kwa sababu kipuri kilichotolewa ni mali yake na ni shahidi wake. Na hati zote hizo ziandikwe kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na mahakama zetu. Hakuna sababu ya mkulima wa King'ori kutia sahihi karatasi ya Kiingereza asiyoielewa. Kwa gari lililo chini ya dhamana ya kampuni, siku lilizolala karakana zisihesabiwe katika muda wa dhamana.

Na Serikali ianze na nyumba yake. Wakala wa Ufundi na Umeme, TEMESA, ulioundwa mwaka 2005, umepewa jukumu la kuyatengeneza magari ya umma, na malalamiko juu ya gharama na ucheleweshaji wake yamekwisha kusikika Bungeni. Karakana ya umma ikiwa ya kwanza kubandika ukutani ahadi kwamba kazi itakayorudi itarudiwa bila malipo, na kuitimiza, karakana binafsi hazitakuwa na pa kujificha. Chama kinachoisimamia Serikali nacho kina wajibu wa kuliuliza jambo hili katika vikao vyake vya wilaya na mkoa, kwa kuwa gari la wagonjwa linalosimama njiani ni kero ya wananchi kama ilivyo kero ya maji.

Wakala wa Vipimo hukagua mizani ya sokoni na pampu ya petroli, na hakuna anayeona ajabu. Waliosoma Kurani chuoni wanaijua sura ya Al-Mutaffifin, iliyopewa jina la wapunjao vipimo. Karakana nayo ina mizani yake, ingawa haionekani kwa macho: ni kazi iliyolipiwa ikilinganishwa na kazi iliyofanyika. Anayetoza fedha ya kuponya akatoa gari lililo bado gonjwa amepunja sawa na muuza mchele aliyelegeza jiwe la mizani. Tunazitaka karakana za Arusha, kubwa kwa ndogo, ziipime kazi yao kwa mizani hiyo, na tunawataka wananchi wasiondoke bila karatasi.