NYUMBA YETU: Tutengeneze Bafu



Ukitaka kujua nyumba inatunzwa namna gani, usitazame viti vya barazani wala vitambaa vya meza. Hivyo vimewekwa kwa ajili ya wageni. Omba maji ya kuoga. Ndipo utakapoonyeshwa mlango mdogo ulio nyuma ya nyumba, na huko mambo yote yataonekana.

Mwezi wa saba nililala kwa ndugu yangu, Lubumbashi. Wote waliokaa Katanga wanaijua baridi ya mwezi huo. Nyumba ya ndugu yangu ni nzuri: ukuta umepakwa rangi, sebule imefagiliwa, watoto wana adabu. Alfajiri shemeji yangu akaniita, akasema: «Shemeji, maji yako tayari. Usiogope baridi, nimekwisha kukuwekea mbabula ndani.»

Nikaenda. Bafu lilikuwa la matofali, na mlango wake wa bati ulifungwa barabara. Dirisha dogo lilikuwa limezibwa kwa ubao. Katikati ya sakafu palikuwa na bonde, na maji ya jana yalikuwa yamesimama humo. Sabuni ilikuwa chini, imelainika kama uji. Taulo moja ya watu wote ilining'inia juu ya mlango. Pembeni palikuwa na chupa ya limonadi iliyojaa maji ya javeli ya kufulia nguo. Na karibu na beseni, mbabula yenye makaa mekundu.

Sikuoga. Kwanza niliitoa mbabula nje.

Shemeji alishangaa. «Mbona, shemeji? Hakuna moshi. Makaa yamewaka yote, ndiyo sababu nimeyaingiza sasa.»

Wengi wanafikiri kama yeye, kwa hiyo naomba msome maneno haya kwa uangalifu. Makaa yasiyotoa moshi bado yanatoa hewa mbaya, ambayo wataalamu wanaiita monoksidi ya kaboni. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Mtu akiivuta, inashikamana na damu yake mahali pa oksijeni, na mwili unakosa hewa ya kuishi. Mwanzo kichwa kinauma. Kisha kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika. Miguu inakosa nguvu. Halafu usingizi unamshika, na katika chumba kilichofungwa usingizi huo waweza kuwa wa mwisho. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua mlango wazi, mtoe upesi kwenye hewa safi, kisha mpeleke hospitali.

Nilipomaliza kueleza, shemeji alinyamaza kidogo. Halafu akasema: «Juma lililopita mtoto wetu wa pili alitoka bafuni akilia kwamba kichwa kinamwuma, akatapika mlangoni. Tulidhani ni malaria.»

Hatukuweza kujua kwa hakika ilikuwa nini. Lakini ndugu yangu, aliyekuwa akisikiliza, alikwenda palepale akaung'oa ule ubao wa dirisha. Jumamosi ile tukaanza kazi, sisi watatu pamoja na watoto. Nawaandikia mambo tuliyofanya, kwa sababu kila jamaa yaweza kuyafanya.

Jambo la kwanza ni hewa. Maji yapashwe moto nje, yaingizwe yakiwa ndani ya ndoo; moto wenyewe usivuke kizingiti, hata katika baridi kali. Tuliliacha dirisha wazi, tena tukatoa matofali mawili chini ya paa, upande wa pili, ili hewa ipite. Tundu lililo juu ya kichwa cha mtu halimwonyeshi anayeoga. Na hewa ikipita, ukuta unakauka, wala hauoti ukungu mweusi.

Jambo la pili ni kupunguza vitu. Tulitoa kila kitu nje, kisha tukauliza juu ya kila kimoja: Hiki ni cha kuogea? Ndoo iliyotoboka, kiatu kimoja, na makopo ya rangi hayakurudi ndani. Ile chupa ya limonadi ndiyo iliyonitia hofu zaidi. Mtoto mdogo hajui kusoma. Akiona chupa ya limonadi, anakunywa. Maji ya javeli yakae katika chupa yake yenyewe, yenye kizibo kizuri na jina lake, juu mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Tena msiyachanganye na siki, wala na asidi, wala na dawa yenye amonia, mkidhani kwamba nguvu za kusafisha zitaongezeka. Mchanganyiko huo unatoa hewa yenye sumu inayochoma mapafu.

Jambo la tatu ni sakafu. Maji yakisimama, sakafu inateleza, na mzee au mama mwenye mimba aweza kuanguka. Tulikwaruza sakafu ya zamani kwa patasi, tukaisugua, tukailowesha. Kisha tukachanganya simenti sehemu moja na mchanga safi sehemu tatu. Bafu lile lina urefu wa metro moja na nusu, na upana vilevile. Mfuko mmoja wa kilo 50 ulitosha. Katika kutandaza, tulihakikisha kwamba kwa kila metro moja sakafu inashuka sentimetro 2 kuelekea tundu la maji. Kabla haijakauka, tulipitisha ufagio juu yake polepole ili uso wake uwe na mikwaruzo midogo. Sakafu inayong'aa kama kioo haifai bafuni. Siku saba tuliinyunyizia maji asubuhi na jioni, kwani simenti inayokauka upesi inapasuka. Siku za kwanza watu wa nyumbani waliogea kwa jirani.

Jambo la nne ni njia ya maji machafu. Hapo zamani yalitoka bafuni, yakapita chini ya ua, yakaingia katika lupango la huyo huyo jirani. Jirani alikuwa amekwisha kulalamika mara mbili, wala hakukosea. Tulichimba shimo lenye kina cha metro moja na upana wa metro moja, mbali kidogo na msingi wa nyumba. Tukalijaza mawe na vipande vya matofali, tukapitisha bomba kutoka bafuni, tukafunika juu ili mbu wasipate mahali pa kuzalia. Kama mna kisima, shimo la namna hii liwe mbali nacho, angalau metro 30. Na kama udongo wenu ni mfinyanzi, maji yatanywea polepole. Basi chimbeni shimo kubwa zaidi.

Jambo la tano ni mahali pa kila kitu. Ndugu yangu alipigilia ubao mmoja ukutani, na chini yake misumari saba, kwa sababu wao ni watu saba. Ya watoto iliwekwa chini, wapate kuifikia wenyewe. Kila mtu ana msumari wake na taulo yake, hata kama taulo hiyo ni kipande cha kanga kuukuu, mradi kifuliwe na kuanikwa juani. Taulo moja ya jamaa nzima yaweza kupeleka upele na maradhi ya macho kutoka kwa mtoto mmoja hadi kwa wote. Kwa sabuni tulichukua kopo, tukalikata liwe fupi, tukakunja makali yake kwa nyundo, tukatoboa chini kwa msumari. Maji yanachuruzika, sabuni inakauka, na kipande kinadumu siku nyingi. Mwisho tuliweka kigoda imara, beseni likae juu yake, na bibi yetu apate kuketi anapooga.

Jambo la sita ni maji yenyewe. Robine haitoi maji kila siku. Kwa hiyo wana pipa lenye kifuniko, na kopo lenye mkono mrefu la kuchotea, ili vidole visiingie ndani. Na mnapomwogesha mtoto, tafadhali shikeni desturi hii: maji baridi yatangulie katika beseni, ya moto yafuate. Ukianza na ya moto, ukageuka tu kuchukua ndoo nyingine, mtoto anaweza kutumbukia. Kisha pima kwa kiwiko, kwa maana kiganja cha mama aliyezoea kupika hakisikii moto upesi.

Basi, gharama ilikuwa nini? Mfuko wa simenti, kipande cha bomba, na misumari. Mawe, ubao na kopo vilikuwapo nyumbani, na jasho lilikuwa letu. Baba mmoja ataniambia: «Bafu ni kazi ya wanawake.» Namjibu hivi: ndugu yangu ndiye aliyeuziba ule ubao wa dirisha, naye ndiye aliyeung'oa. Mama peke yake hachimbi shimo la metro moja huku mtoto akimlilia mgongoni.

Kabla sijarudi kwetu, nilimwona yule mtoto wa pili akitoka bafuni asubuhi, anatetemeka kwa baridi na kucheka. Alitundika taulo yake kwenye msumari wake, akageuka kutazama kama mdogo wake hakuigusa. Mbabula ilikuwa nje, chini ya mwembe, na sufuria ya maji juu yake.

Kesho asubuhi, msomaji mpenzi, kabla hujaoga, mimina kopo moja la maji katika sakafu ya bafu lako, utazame yanakokwenda. Kisha inua macho, utafute hewa inaingilia wapi. Kama hukuiona njia yake, usingoje Jumamosi.