Kutoka giza ya usiku mpaka muziki: Katanika inaweza kujifunza nini kwa KOKOKO!?

Jua likizama tu, sehemu kubwa ya Katanika inaingia gizani. Umeme wa mji wa Kalemie unatoka Bendera, lakini nyaya hazifiki kila nyumba, na pale zinafika, umeme unakatika. Kwa kijana anayependa muziki, hapo siku imeisha: simu imezima, studio imefungwa. Lakini Kinshasa kuna kundi ambalo lilichukua giza ya namna hiyo na kuifanya kazi.

Kundi hilo ni KOKOKO!, ni kusema mlio wa mtu anayebisha mlangoni. Lilitoa albamu Fongola mwaka 2019, kiisha BUTU mwaka 2024. Kwa Lingala, fongola ni ufunguo, butu ni usiku. Mwenye kuzoea gitaa tamu za rumba anaweza kushituka akisikia BUTU: besi nzito ya mashini, mikebe inayogongwa, sauti zinazopazwa kama za watu wanaoitana barabarani. Ni muziki ya kielektroniki, tena ya giza. Je, giza hiyo ilitoka wapi?

Kwanza, ilitoka kwenye ukosefu. Gitaa na vipaza sauti ni vya bei kali, kwa hiyo wanamuziki hao walijitengenezea vyombo kwa mikebe, chupa za plastiki, vipande vya injini, hata mashini kuukuu ya kuandikia. Chombo cha vile hakitoi sauti safi, kinakwaruza. Wao hawakuficha mikwaruzo hiyo, waliijengea wimbo. Mbele yao, Konono N°1 ya marehemu Mingiedi Mawangu ilifanya vivyo hivyo: likembe zilitiwa umeme kwa sumaku za vyuma vya magari, na ule mlio wa kuchanika ukawa alama yao dunia nzima.

Pili, ilitoka barabarani. Mwimbaji Makara Bianko alikuwa na kundi kubwa la wachezaji, akiimba kwa masaa mengi juu ya milio ya kompyuta inayorudiwa. Mfaransa Xavier Thomas, anayejulikana kama Débruit, alileta vinanda vya umeme. Fongola ilirekodiwa kwa sehemu katika studio ya kubahatisha iliyojengwa kwa meza za ping-pong na magodoro. Na katika BUTU walitia kelele za Kinshasa yenyewe usiku. Ni kusema walianza kwa kusikiliza, kiisha wakapiga.

Tatu, kuna maneno ambayo si rahisi kuyasema mchana. Mwezi wa 11 mwaka 2021, tume ya taifa ya kuchunguza nyimbo ilikataza nyimbo kadhaa, kati yake wimbo wa kundi MPR uliosema juu ya maisha magumu ya raia. Watu walipiga kelele, na katazo la wimbo huo likaondolewa kwa muda mfupi. Katika hali kama hiyo msanii anajifunza kusema kwa mafumbo, na mdundo mzito unabeba kile ambacho maneno yanaficha.

Hata hivyo usiku wa Kinshasa si usiku wa mashariki. Huko usiku ni joto, kelele na kutafuta pesa. Huku kuna wengi ambao usiku unawakumbusha kukimbia. Katanika inajua jambo hilo: ilipokea maelfu ya watu waliokimbia vita kati ya Watwa na Waluba, zaidi mwaka 2016 na 2017. Rey Sapienz, msanii wa mashariki mwa Kongo aliyeendelea na kazi Kampala, aliingiza kumbukumbu ya vita katika muziki yake ya kielektroniki. Lebo aliyosaidia kuanzisha huko Uganda ina jina la Kiswahili: Hakuna Kulala. Hapo giza si mtindo. Ni jambo ambalo watu walipitia.

Ndiyo maana vijana wa Katanika hawana haja ya kuiga KOKOKO! wala Rey Sapienz. Kalemie ina usiku wake. Wavuvi wa ndagala wanaingia ziwani na taa zao wakati mwezi haupo, kwa sababu giza ndiyo inaleta samaki kwenye mwanga. Mwezi ukijaa wanapumzika. Kuna injini za mitumbwi, mashini za kusaga, vyuma vya reli. Simu moja yenye moto inatosha kurekodi sauti hizo, na fundi wa redio wa mtaani anaweza kuunganisha spika kuukuu.

Inabaki swali la faida. KOKOKO! inatolewa na lebo ya Uingereza, na wasikilizaji wake wengi wako nje. Kijana wa Kalemie akifaulu, wa kwanza kumsikia atakuwa nani, jirani yake ao mgeni wa mbali? Redio za huku zinaweza kujibu kwa kupiga kazi zao, hata zile zinazokwaruza. Wasanii nao waandikishe nyimbo SOCODA, shirika lenye kazi ya kukusanya haki za waandishi, mbele mtu mwingine hajaziita zake. Vyuma vya kugonga havikosekani Katanika. Kinachokosekana ni mtu wa kuwapa vijana hao dakika tano hewani.