Dalali ni Ndugu wa Dalili

Ukishuka Ilula, kwenye barabara kuu ya Iringa kwenda Morogoro, karibu na matenga ya nyanya hutakaa muda mrefu kabla ya kusikia neno dalali. Kwa wengi wetu tuliolelewa katika nyumba za wakulima, neno hilo hutamkwa kwa sauti ileile ya kantangaze, yule mdudu anayemaliza nyanya shambani. Tunaona limeonewa.

Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kuonyesha njia. Mzizi huohuo umetupa dalili, neno ambalo sisi wa falsafa hatumalizi kipindi bila kulitaja. Wahindi nao wanalo: mtaa wa soko la hisa la Mumbai huitwa Dalal Street. Basi dalali kwa asili yake ni mwonyesha njia, na Ilula inamhitaji. Nyanya haisubiri, na mkulima wa kijijini hamjui mwenye lori aliyetoka Dar es Salaam.

Shida ni "cha juu". Mnunuzi anatajiwa bei moja, mkulima nyingine, na tofauti inaingia mfukoni mwa aliye katikati, mbali na ujira wake. Wako wanaojitetea kwamba biashara ni siri. Tena wangeweza kumwita Mtakatifu Thoma wa Akwino awe shahidi wao! Katika Summa Theologiae (II-II, swali la 77) anasema kwamba mfanyabiashara aliyepeleka nafaka penye upungufu, huku akijua wenzake wanakuja nyuma na nafaka zaidi, hafungwi na haki kuwaambia wanunuzi, ingawa akiwaambia fadhila yake ni kubwa zaidi. Lakini yule anauza nafaka yake mwenyewe. Dalali anauza tenga la mwenzake aliyemwamini. Siri hiyo si yake kuificha. Thoma huyohuyo anakubali faida ya kiasi kama ujira wa kazi. Basi dalali autaje ujira wake waziwazi, kwa kila tenga, hata kama ni mkubwa.

Tungependa viongozi wa masoko waanze na jambo dogo: mkulima awepo bei inapotajwa, au aonyeshwe karatasi yenye bei zote mbili. Wapo wakulima wanaopiga simu soko la Ilala kuuliza bei kabla ya kuchuma. Madalali wengine hawawapendi hao. Huwauliza, "Nani kakwambia?"