Kipaji Bila Skeli ni Uvivu

Wapo vijana wenzangu, tena wengine ni waandishi wa kurasa hizi hizi, ambao ukiwatajia skeli wanakunja uso kama watoto walioonyeshwa dawa ya minyoo. Eti skeli ni mambo ya Wazungu. Eti gitaa la Kiafrika linatoka damuni. Mimi ninayejifunza gitaa mwaka wa pili sasa, jioni nikishaweka kalamu chini, nasema huo ni uvivu uliovishwa kanzu ya utamaduni.

Hebu tuulizane. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, dole gumba likishika besi na kidole cha shahada kikitembeza wimbo, mnadhani vidole vyake vilijuaje pa kwenda? Na Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz je? Sisemi walikaa na kitabu. Nasema walijua kila sauti inalala wapi, na hiyo ndiyo skeli, uiite jina lolote utakalo. Halafu huo Uzungu! Kwaya ngapi za vijijini zinaimba do, re, mi kutoka ubaoni, na hakuna anayelia kwamba Uafrika wake umeibwa? Likija gitaa ndipo tunawakumbuka mababu.

Skeli yenyewe si mlima. Anza na C, uzi wa tano, freti ya tatu. D ni uzi wa nne mtupu, E freti ya pili, F ya tatu. G ni uzi wa tatu mtupu, A freti ya pili. B uzi wa pili mtupu, C ya juu freti ya kwanza. Sauti nane, basi. Huna metronomu? Saa ya ukutani inagonga mara 60 kwa dakika. Piga sauti moja kwa kila pigo, ukizoea piga mbili. Vidole vitauma, vitaota sugu, maisha yataendelea.

Mshikaji mmoja wa mtaani kwetu anapiga solo za kukariri mpaka wapita njia wanasimama. Siku bendi moja ilipomwita kumjaribu, mwimbaji akaomba wimbo upandishwe kutoka C hadi D. Jamaa akaganda. Na hesabu ni ile ile popote unapoanzia: freti mbili, mbili, moja, mbili, mbili, mbili, moja. Hakuijua, bwana. Nafasi ikaenda kwa mwingine, naye mpaka leo anabeba mizigo sokoni na kipaji chake kichwani.

Walimu wanaomkimbiza mwanafunzi kwenye skeli miezi mitatu bila wimbo hata mmoja siwatetei. Hao nao wanaua. Dakika 20 za skeli, kisha wimbo.

Anayetaka kubishana nami aje na gitaa lake. Achague wimbo wowote anaoupiga kwa C, nami nitamwomba kitu kimoja tu: aushushe hadi A.