Kabla ya Geti la Simba, Jenga Stoo

Wasee, wacha niseme moja kwa moja: kama familia yenu inalima mahindi na hapo nyumbani hakuna stoo ya maana, basi pesa yenu inaondoka na lori kila mwaka. Na wewe kijana, na hizo misuli zako za gym, una uwezo wa kuizuia. Sisemi nyumba, wala ghorofa. Nasema kibanda cha mbao na mabati nyuma ya jikoni, kitu ambacho wewe na binamu zako mnaweza kumaliza likizo moja ya Agosti bila kungoja mtu awatumie pesa kutoka Nairobi.

Eldoret ilipata hadhi ya jiji Agosti 15, 2024, na tangu siku hiyo tumeanza kujionyesha kweli kweli. Hata huku Plateau, mtu akishika pesa kidogo anaanza na geti. Geti la chuma, limechorwa simba wawili, rangi ya dhahabu. Ukiingia ndani unakuta mahindi yamelala chini ya turubai yakingoja mvua. Sina shida na simba. Shida yangu ni mpangilio.

Tuongee pesa. Hapa Uasin Gishu tunavuna mahindi mara moja kwa mwaka. Tunapanda Machi na Aprili, tunavuna kuanzia Oktoba hadi Desemba. Maana yake kila mtu ana mahindi wakati mmoja, na wengi wanataka kuuza wakati huo huo kwa sababu Januari karo iko mlangoni. Dalali anajua hiyo stori vizuri. Hata hana haja ya kukudanganya. Anaangalia tu mawingu, anaangalia turubai lako, halafu anataja bei yake. Ukikataa, mvua inaongea na wewe usiku.

Halafu kuna bei ya serikali. Mwaka wa 2023 serikali ilitangaza shilingi 4,000 kwa gunia la kilo 90 kupitia NCPB. Poa sana. Lakini pale kwa bohari wanapima unyevu, na mahindi yakizidi asilimia 13.5 hayapokelewi mpaka yakaushwe. Kwa hivyo bei nzuri iko, ila ni ya mtu aliye na mahali pa kukaushia na kuweka. Asiye na mahali anamrudia dalali.

Fanya hesabu ndogo. Tuseme mna gunia 15, na mkikaa nayo miezi michache mnapata shilingi 1,000 zaidi kwa kila gunia. Hiyo ni elfu 15. Siyo pesa ya kununua gari, lakini ni mbolea ya msimu ujao, ama ni karo ya mdogo wako bila kukopa kwa simu. Na hata bei isipopanda vile ulitarajia, angalau Juni hamtatuma mtoto dukani kununua unga wa pakiti baada ya kuuza mahindi yenu wenyewe Novemba. Hiyo ya kuuza mahindi kisha kununua unga ndiyo inaniuma zaidi.

Kuna jambo lingine zito kuliko pesa. Mahindi yakiwekwa na unyevu yanaota kuvu, na kuna aina ya kuvu inayotoa sumukuvu. Mwaka wa 2004, huko Makueni, Kitui na maeneo jirani, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa kwa kula mahindi ya nyumbani yaliyokuwa na hiyo sumu. Kupika ugali haimalizi sumukuvu. Kupepeta hakumalizi. Kwa hivyo ukiona mtu anamwaga mahindi mabichi kwenye kona ya chumba cha kulala cha nyanya yake, usinyamaze.

Sasa, stoo yenyewe. Sisi tulijenga yetu kwa kogo, mimi na binamu zangu wawili. Baba mdogo alisimama kando na kikombe chake cha chai akasema hiyo ni kazi ya wanaume, na mimi ndiye nilikuwa nimeshika tepu ya kupimia. Sikumjibu. Niliendelea kupima.

Mpango ni rahisi: stoo nyembamba na ndefu, iliyosimama juu ya nguzo, upepo ukipita ndani. Mnaweka mahindi yakiwa magunzi, yamemenywa maganda, na upepo unamalizia kuyakausha. Yetu ina urefu wa mita 3, upana wa mita 1, na kuta za mita 1.5. Hapo magunzi yanakaa ya kutoa gunia 15 hivi baada ya kupurwa. Watu wengi wanataka kupanua ili iingie zaidi. Usipanue. Stoo ikiwa pana, upepo haufiki katikati, na katikati ndipo kuvu huanzia. Unataka nafasi zaidi? Ongeza urefu. Na upande ule mrefu uelekee upepo unakotoka.

Nguzo tulitumia za mkaratusi. Sehemu inayoingia ardhini iwekewe dawa ya mchwa, na shimo liwe futi mbili kwenda chini. Kabla ya kupigilia chochote, pima kutoka kona hadi kona, pande zote mbili. Vipimo vikilingana, pembe zako ziko sawa. Ndiyo, ni ile hesabu uliyosema hutawahi kuitumia maishani. Kwa usawa wa sakafu huhitaji kifaa cha bei: chukua paipu inayoonyesha ndani, jaza maji, shikeni huku na huku. Maji hayana upendeleo.

Sakafu iinuke mita moja kutoka ardhini, na kila nguzo ivalishwe kofia ya bati, ile ya umbo la faneli iliyogeuzwa. Panya akipanda anafika hapo anarudi. Lakini sikiza, ngazi isiachwe imeegemea stoo. Watu wanatumia pesa kwa hizo kofia, halafu wanamwachia panya ngazi usiku kucha. Hata matawi ya mti yaliyo karibu yakatwe.

Kuta tulitumia mabanzi kutoka kwa mashine ya mbao, kwa sababu ni bei rahisi kuliko mbao zilizonyooshwa. Acha nafasi kati ya banzi na banzi, upana wa kidole gumba, upepo upite na gunzi lisidondoke. Juu ni mabati, na yatokeze nje angalau futi moja na nusu kila upande, maana mvua ya huku haiji ikiwa imenyooka. Ukienda hadiwea ukumbuke kwamba kwa mabati nambari kubwa ndiyo nyembamba. Geji 32 ni nyepesi kuliko 30, na 30 ni nyepesi kuliko 28. Uliza geji kabla ya kuuliza bei, ama utauziwa karatasi.

Kuna wale watasema, “Si uite tu fundi, na yeye ale?” Kweli, fundi lazima ale, na sisi tulimwita fundi siku moja kwa kazi ya paa, kwa sababu paa likivuja kila kitu kimeisha. Lakini kuchimba mashimo, kubeba nguzo, kupiga misumari kwa mabanzi, hiyo ni kazi ya mikono iliyokuwa inaskroli TikTok. Pesa ya siku nyingi za fundi ndiyo ilinunua mabati mazito.

Wengine watasema wezi. Sawa, jenga karibu na nyumba, weka kufuli, fuga mbwa. Lakini mahindi yaliyo chini ya turubai nayo yana kufuli gani?

Na wengine, hawa nawaheshimu zaidi, watasema familia yao haiwezi kungoja. Deni la mbolea liko, karo iko, mgonjwa yuko. Naelewa. Stoo haiondoi njaa ya pesa ya Januari. Ila inakupa nafasi ya kugawa: gunia nane ziuzwe sasa, saba zingoje. Bila stoo hakuna kugawa. Zote zinapanda lori siku moja.

Yakishakauka, pura, na upime kabla ya kuweka kwa gunia. Hii hapa fanya kwa video, inapendeza: chukua chupa kavu, weka konzi mbili tatu za mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa vizuri dakika chache, acha itulie. Chumvi ikishika kwa ukuta wa chupa, bado kuna unyevu mwingi, rudisha juani. Isiposhika, uko karibu, na sasa tafuta mtu mwenye mashine ya kupima unyevu akupe nambari kamili. Kisha kuna yale magunia ya plastiki yasiyopitisha hewa. Ukiyafunga vizuri, dumuzi na fukusi waliomo wanakosa pumzi wanakufa, bila kunyunyizia dawa chakula utakachokula.

Lakini sababu yangu kubwa ya kuandika hii siyo panya wala geji. Nyumba zetu nyingi, mambo ya mahindi yanaamuliwa na wazee na dalali, na sisi tunaambiwa tu tubebe gunia. Msichana ndiyo kabisa, anaitwa wakati wa kupika chai ya watu wa lori. Tunalalamika hatusikizwi, na shamba si letu, hati haina jina letu. Sawa. Lakini ukijenga stoo kwa mikono yako, unaijua. Unajua imebeba gunia ngapi, unajua kona gani ina unyevu, unajua kimebaki nini. Siku ya kuuza, mtu anayejua hizo nambari lazima aulizwe. Kogo sasa hakubali lori bila kunipigia simu. Na baba mdogo mwenyewe aliniomba ile tepu mwezi uliopita, anataka kujenga yake.

Kwa hivyo wewe uliye Langas, Huruma ama Kapsoya, na ushago ni nauli ya matatu moja tu: likizo ijayo usiende mikono mitupu na usiende kulala. Beba nyundo, misumari ya nchi tatu na ya nne, na binamu mmoja asiyelalamika sana. Anza na mashimo manne ya kona. Simba wa geti watangoja, hawali mahindi.