Umeme wa Goma: makampuni ni mengi, lakini unachagua mara moja tu

Kila muchimbaji anajua jambo hili bila kufundishwa: kama kwenye karieri kuna mununuzi mumoja tu, njo yeye anaweka bei. Wakija watatu, bei inaanza kusogea. Lakini ukisha kukula avansi ya mumoja wao, hata wakija kumi, madini yako ni yake.

Mambo ya umeme hapa Goma iko vilevile, na familia zetu za Katoyi zinapashwa kuyaelewa mbele ya kutoa makuta.

Kwa miaka mingi tulijua SNEL tu. Kampuni hiyo ya serikali ilianzishwa mwaka 1970, na umeme wake unatufikia kutoka mbali, kule Ruzizi, upande wa Bukavu. Kisha, tarehe 17 Juni 2014, sheria nambari 14/011 ilifungua mulango: makampuni ya watu binafsi yakaruhusiwa kutengeneza umeme, kuusafirisha na kuuza. Virunga ikajenga baraji ya Matebe kule Rutshuru, zaidi ya megawati 13, ikaanza kazi 2015. Mwaka 2020 Nuru ikawasha sola yake ya megawati 1.3 mu kartie Ndosho. SOCODEE nayo iko kati ya wenye kugawa umeme mu muji.

Hayo ni maendeleo, hatuwezi kukataa. Pahali umeme umefika, mashine ya kusaga inazunguka bila mazutu, na fundi wa kusudé anapata kazi. Lakini je, ni ushindani wa kweli?

Tuangalie vizuri. Kupandisha nguzo na kuvuta waya ni gali sana. Kwa hiyo mara mingi kila kampuni inakamata avenyu zake, na yenye kutangulia njo inabaki. Wewe unalipa kuunganishwa, wanakuwekea kompteri yao, na tangu siku hiyo unanunua yuniti kwao tu. Ukitaka kuhamia kwa mwingine, unalipa upya kila kitu. Ile makuta ya kuunganishwa njo avansi inayokufunga.

Jirani zetu wa Uganda walipita njia hiyo mbele yetu. Mwaka 2001 waligawanya kampuni yao ya umeme vipande vitatu: kutengeneza, kusafirisha, kugawa. Kugawa wakakukabizi Umeme, kampuni ya watu binafsi, kuanzia 2005 kwa miaka 20. Mukataba ukaisha tarehe 31 Machi 2025, kazi ikarudi kwa kampuni ya serikali. Mwenye waya amebadilika mara mbili, lakini waya yenye kuingia nyumbani imebaki moja. Njo maana swali kubwa si nani mwenye waya. Ni nani anayemuchunga.

Kwenye karieri tunasema: mizani ya mununuzi inapashwa kuwa na mutu mwingine wa kuiangalia. Sheria ya 2014 ilimuweka mutu huyo: ARE, ofisi ya kuchunga bei na kusikiliza malalamiko ya wateja. Lakini ARE iko Kinshasa, na tangu mwisho wa Januari 2025 Goma iko mikononi mwa AFC/M23. Mama wa Katoyi akiona yuniti zake zinaisha mbio kuliko zamani, atapeleka malalamiko wapi? Yeyote mwenye kuongoza muji anapashwa kujibu swali hilo. Bila muchungaji, kuwa na makampuni matatu ni kuwa na wakubwa watatu.

Kwa sasa, nguvu yetu iko mbele ya kulipa, si nyuma. Tunashauri avenyu nzima ikae pamoja, kama vile wachimbaji wanavyoingia mu koperative, halafu iulize kila kampuni: kilowati-saa moja ni bei gani? Kompteri ikiungua, nani atalipa? Bei ikipanda, mutatujulisha siku ngapi mbele? Majibu yaandikwe kwenye karatasi, na risiti ichungwe vizuri.

Makuta hiyo imetoka chini ya udongo, na wengine hawakurudi kutoka humo. Isitoke mu mufuko bila kuuliza.