Mwacheni Kijiti na Jina Lake

Nimeshaambiwa zaidi ya mara moja, na watu waliosoma kunishinda, kwamba "Kijiti" ni wimbo unaompa muuaji umaarufu. Eti kwa nini, karibu miaka 100 baadaye, tuendelee kulitaja jina lake ilhali mwanamke aliyemuua anabaki "mgeni" tu? Ubadilishwe jina, wanasema. Hoja inavutia, ila nina wasiwasi anayeitoa ameishia kwenye jina la wimbo, beti hakuzisikiliza.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Zanzibar, miaka ya 1920. Mwanamke mjamzito kavuka kutoka bara kwenda Unguja kutembea. Kijiti anamchukua, anamnajisi, anamuua, kisha anatoroka. Mahakama ya enzi ya Mwingereza inabaki na mashahidi, wanawake waliokuwa na marehemu, na hao ndio wanaofungwa. Yaani aliyeua yuko nje, walioeleza walichokiona wako ndani.

Hapo ndipo anapoingia Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, mtoto wa ukoo wa watumwa, muuza vyungu kabla hajawa mwimbaji. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, akawasomesha watu waliodhani taarab ni mali ya majumba ya wakubwa. Kijiti akamwimba kwa jina lake. Hebu sikiliza jina hilo linavyotumiwa: watu wanaitwa waje watazame alichokifanya, hakimu anatajwa na hasira zake, kisha Kijiti anaonywa asikanyage Dar es Salaam, maana huko anasubiriwa, na laana za wake kwa waume zinamfuata. Jamani, hiyo ni hati ya kumkamata mtu! Mahakama haikuitoa, akaitoa Siti. Bi Kidude akaendelea kuisoma hadharani hadi uzeeni; alifariki mwaka 2013 na Kijiti bado hajasamehewa.

Waskoti nao wana wimbo wa fidla, "Macpherson's Rant", wenye jina la James Macpherson, mnyang'anyi aliyenyongwa Banff mwaka 1700. Husimuliwa kwamba aliupiga mwenyewe penye mti wa kunyongea, halafu akaivunja fidla yake. Muziki ukamsafisha. Leo ni shujaa, na aliowaibia hakuna anayewauliza. Kijiti hajasafishika. Ongeza fidla, ongeza ganuni, kila beti inamrudisha kizimbani.

Kuhusu marehemu kutotajwa, nakubali panauma. Kwa usikilizaji wangu ile ni stara: aliyedhalilishwa namna ile hatembezwi jina kwenye kila harusi. Anayestahili kutembezwa ni aliyemdhalilisha. Sisi waandishi wa habari mara nyingi tunafanya kinyume, marehemu tunamwanika na picha yake, mtuhumiwa mwenye pesa anakuwa "mkazi mmoja wa mjini".

Na kinachonikera zaidi ni hiki. Wanaotaka Kijiti afutwe hawana neno kuhusu majina yanayoimbwa siku hizi. Bendi za dansi zimetaja mapedeshee kwa miaka na miaka; mtu anatunza noti, jina lake linaingia kati ya gitaa na tumba, na hakuna anayeuliza noti zimetoka wapi. Huku Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, kikundi cha ngoma kikialikwa hafla kinajua kabisa majina gani yatiwe kwenye wimbo kabla ya kuvaa njuga. Ngoma ya Kigogo, yenye sauti zake zile zinazopandana hadi mwili ukasisimka, inageuzwa orodha ya wageni waalikwa.

Hayo mnayaita burudani. Wimbo mmoja uliomtaja mtu kwa alichokitenda, bila kulipwa naye, ndio mnaoutafutia jina jingine. Basi tuambieni mngeuitaje. "Mgeni"? "Tukio la Kusikitisha"? Kijiti mwenyewe angeyapenda yote mawili.